Waya

Kiingilio kilikuwa elfu saba, pamoja na soda.
Nilitoa elfu kumi nikasahau chenji
kwa sababu nilimsikia akijaribu nyuzi
nyuma ya pazia lililowahi kuwa shuka la gesti,
na uzi wa tano, kama kawaida yake, ulikuwa chini kidogo.

Ukumbi uko Kiborloni, nyuma ya duka la mabati.
Viti vya plastiki, nusu yake vitupu.
Walimu wastaafu, mafundi wa gereji,
mama mmoja mwenye gauni jekundu la buni mbivu
aliyekuja na mto wake wa kukalia.
Vijana wanne kaunta, simu zikiwamulika mashavu,
wakisubiri mpira uanze kwenye televisheni.

Akatoka. Aikaeli Moshiro,
tuliyemwita Radi
miaka ile sukari ilipopatikana kwa foleni.
Zamani alipanda jukwaani kwa kuruka.
Jana alipanda ngazi tatu, akizihesabu,
mjukuu wake amemshika kiwiko,
na alipofika juu akavaa miwani
ili azione nyuzi.

Nilimbebea spika miaka mitatu.
Nina miaka kumi na sita, mgongo wa punda,
Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, na kurudi
nimelala juu ya turubai, kichwa kwenye dramu.
Kisha baba akanipatia kazi kiwandani, kukoboa kahawa,
nikasikiliza mashine moja miaka thelathini na minne.
Sikio la kulia liliishia humo.
Jana nilikaa nikimwelekezea la kushoto.

Alianza vibaya. Niseme kweli.
Vidole vizito, kama vya mtu anayefungua fundo gizani.
Mpiga dramu, kijana wa juzi, alimkimbia,
akageuka, akamngoja.
Mmoja wa kaunta akacheka. Nilitaka kumzaba kofi.
Nilitaka pia kwenda nyumbani.

Halafu ikaja ile ya roki, ile ngumu,
ambayo mchungaji wetu aliiombea ife.
Ndani yake kuna mahali tulipopaita Ngazi:
noti zinazopanda kwa pumzi moja.
Tulibishana ni kumi na nane au ishirini
hadi siku aliyotupigia polepole, jikoni kwa mama yake,
kiburu kikipoa kwenye sahani. Kumi na tisa.
Nikafumba macho. Nikasema, hapa ndipo ataanguka.

Akapiga ya kwanza.
Akapiga ya pili.
Akanyamaza.

Mkono ulibaki juu ya nyuzi, haugusi,
na mimi nikazisikia kumi na sita zote
zikipita moja moja, katika sikio lililokufa.
Nilipofumbua macho, yule mama wa mto
alikuwa akizihesabu kwa kidole gotini,
mwalimu fulani akiinua kidevu kwa kila moja,
ukumbi mzima ukipanda Ngazi asiyoipanda yeye
hadi juu kabisa, ambako alikuwa anatungoja
na ile ya mwisho. Ndefu, imechakaa pembeni.
Akauvuta uzi hadi ukalia kama bawaba ya geti.

Vijana waligeuka. Mpira ulikuwa umeanza.
Sisemi waliuacha mpira. Waligeuka tu.

Baadaye hapakuwa na wa kubeba.
Mjukuu alikwenda kutafuta bajaji.
Nilikuwa nimeandaa maneno: jina langu, Korogwe,
usiku ule gurudumu lilipochomoka Hedaru.
Yote yakanikwama kooni kama kiazi cha moto.
Nikaona waya sakafuni. Nikauokota,
nikaanza kuuzungusha, kiganja hadi kiwiko,
kiganja hadi kiwiko.

Yeye alikuwa ameinama anafunga sanduku,
kanipa kisogo, kola imelowa.
Hakugeuka.
"Siyo kwenye kiwiko," alisema. "Unaivunja ndani.
Nimekwambia mara ngapi?"