Penseli ya Kijani

Mimi ndiye niliyeifuta nyumba ya Marinete.
Sikuwa na nyundo wala tingatinga;
nilikuwa na penseli, kahawa iliyopoa,
na dirisha la ghorofa ya kumi na tisa.
Ukiwa juu kule Recife, mto Capibaribe ni utepe tu:
hauna harufu, hauna mbu,
hauna mama anayemwita mwanawe aje kuoga.

Maelekezo yalisema: ukingo, mita thelathini, bustani.
Nikapaka kijani.
Nikapaka taratibu, nisivuke mstari,
kama alivyonifunza mwalimu Ivanilda darasa la kwanza,
aliyekuwa akivichapa vidole vya wavukao.

Mkutano ukafanyika kwenye ukumbi wa shule.
Feni moja, viti vya watoto, magoti yetu usawa wa videvu.
Mhandisi Tarcísio akazungumzia njia za baiskeli,
vivuko vya miguu, ustawi, vizazi vijavyo.
Watu wakapiga makofi membamba.

Ndipo akainuka mwanamke
mwenye viganja vilivyochanjwachanjwa na magamba,
akaja mpaka kwenye ramani, akaweka kidole.
“Hapa ndipo ninapochemshia kome.
Kijani hiki, mwanangu, usiku kinalala wapi?”

Feni ikageuka kututazama.

Akaendelea bila kupaza sauti:
“Mwezi wa tatu, usiku wa mbalamwezi, bamvua hupanda
hadi kipago cha tatu cha ngazi yangu.
Cha tatu. Benchi zenu mmezipanga usawa wa cha pili.
Mkitaka kukaa hapo, mtakaa na kaa.”

Tarcísio akafungua kompyuta.
Kompyuta ikasema cha pili.
Tukangoja Machi.

Usiku ule nilisimama kwenye sakafu yake ya mbao,
viatu mkononi,
maji yakija gizani pasipo haraka
kama mwenye nyumba anayefuata kodi.
Kipago cha kwanza.
Cha pili. Hapo yakapumzika,
Tarcísio akatabasamu.
Kisha yakapanda.

Nikarudi ofisini na kifutio.
Kumbe kufuta kijani ni kazi kuliko kukipaka;
karatasi hubaki na kovu, na kovu hilo
ndilo tulilochorea juu yake, miaka minne,
yeye akisema, mimi nikishika penseli:
mikoko hapa, maana kome hupenda mizizi yake;
banda la kuchemshia, lenye bomba na paa;
mitaro ya vyoo igeuzwe kabla ya maua, si baada.
Nyumba arobaini na moja zikahamia ng'ambo ya barabara,
madirisha yakiutazama mto.

Si zote. Mzee Genival alizikataa funguo.
Alisema ukuta wa matofali haupumui.
Akaenda kwa bintiye Olinda
na mlango wake begani.

Yale magamba, yaliyokuwa vilima nyuma ya vibanda,
yalisagwa yakamwagwa njiani.
Baiskeli zikipita, njia hulia
kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe.

Wiki jana pametundikwa bango:
*Fleti za kisasa, mandhari ya mto.*
Marinete akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi,
akaniuliza mandhari huuzwa kwa kilo au kwa fungu.
Nimeiandikia manispaa kuhusu kodi za mtaa huu,
barua ya tatu sasa.
Mbili za kwanza zilijibiwa kwa shukrani.

Ngazi yake imegongomelewa kwenye gati.
Kila bamvua watoto wa shule huweka dau la peremende,
na wageni pekee ndio hutaja cha pili.

Jana asubuhi kapibara mmoja,
mnene kama sanduku la safari,
alitoka kwenye mikoko akajilaza mlangoni mwa banda.
Marinete akamsimamia na upawa wake unaochuruzika:
“Na wewe? Mkutanoni ulikuwapo?”