Mbegu za Eluned

Jumamosi ya mwisho ya Julai. Tumechelewa.
Mvua ya Welisi hainyeshi, inaning'inia tu,
nasi tunashuka ukingoni mwa mto Cerwyn,
buti za mpira, glavu, chupa mbili za chai,
watu kumi na mmoja na mbwa asiye na kazi.

Gugu limetupita kimo.
Shina jekundu limejaa maji,
ua la waridi, umbo la kofia ya polisi,
nyuki kajipenyeza humo, makalio nje.

Mzizi wake hauna ubishi. Ukilishika chini kabisa
linakuja lote, kama jino la utotoni.
Kosa ni kulivunja katikati:
hujifanya limekufa,
wiki ya pili lina matawi matatu.

Anayetupanga ni Tegwen.
Hasemi, ila bonde zima linajua:
bibi yake, Eluned, alizipata mbegu ndani ya bahasha,
zawadi ya harusi,
akazipanda nyuma ya choo, papendeze.
Ua likauona mto. Basi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa miaka tisini
na jembe tumelishika sisi.

Ifor wa mizinga amesimama darajani, mikono kifuani.
"Nyuki wangu watakula nini Agosti?"
Hatuna jibu.
Tegwen anamnyoshea glavu. Anazikataa.
Chai yetu, lakini, anakunywa.

Hakuona, au hataki kuona, Januari:
gugu limekufa lote kwa mpigo,
udongo uko uchi,
mto unaumega ukingo kama mkate wa moto.
Mwaka juzi ulibeba uzio wa Rhodri na kondoo saba.

Na huko juu, shamba la Penrhiw,
mwenyewe anaishi mjini, hajibu barua.
Kila mafuriko yanatuletea mbegu zake.
Tunafagia chini ya mti unaopukutika.

Karibu na adhuhuri, binti wa Rhodri
anagusa kitumba kilichoiva.
Pa!
Mbegu zimetapakaa kwenye nywele za Tegwen.
Sote kimya. Mbwa pia.

Tegwen anainama, mtoto amchambue,
moja moja, nyeusi, ndogo kama pilipili manga.
"Kumi na nne," mtoto anasema.
Tegwen anatoa mfukoni bahasha ya bili ya umeme,
anazitia, anailamba gundi,
anaifunga.

Kisha anaiangalia muda mrefu,
kama barua asiyejua aipeleke kwa nani.