Gegedu

Kifurushi kimekwisha tangu Jumatano,
king'amuzi kimetuachia chaneli tatu:
ya mahubiri, ya wauza masufuria,
na hii ya wanyama, ambayo baba
huizima sauti akasimulia mwenyewe.

Nje ukungu umeimeza Loleza yote.
Juni. Jiko la mkaa liko kati ya miguu yake,
goti la kushoto limefunikwa kanga ya mama
kama mtoto anayebembelezwa alale.

Papa anapita. Anapita tena.
"Mwone, hana shingo. Ungemchinjia wapi?"
Miaka thelathini na mmoja machinjioni:
Ambakisye Mwakalobo hamtazami mnyama
bila kumtafutia mahali pa kuanzia.

Leo wamemlaza mmoja juu ya meza ya bati.
Mwanamke mwenye glavu za buluu anakata
"kama anapaka siagi," baba anaguna.
"Geuza kisu, dada! Makali juu! Utapasua nyongo!"
Dada hasikii. Yuko kando ya maji
ambayo baba hajayaona maishani;
bahari kwake ni chumvi ya gunia
aliyokuwa akipaka ngozi mbichi.

Kisha ini. Linatoka, halimalizi kutoka,
linamwagika mezani kama blanketi lililolowa,
hata kikombe cha baba kinasimama hewani.
"Hilo si ini. Hilo ni la zizi zima."
Nasoma maandishi ya chini, namfasiria:
limejaa mafuta, baba, ndilo linalomwelesha.
Anafikiri.
"Kumbe. Ndiyo maana mtu akikatwa maini
huzama."

Tumboni: kamba, kopo, kipande cha wavu.
"Ng'ombe wa Igawa walikuwa na mifuko ya plastiki.
Mmoja alikuwa na kandambili. Ya kulia."
Hacheki. Siku ile aliitafuta ya kushoto
mpaka jua likachwa.

Halafu yule mwanamke anainua uti wa mgongo,
anaupinda kama ufito mbichi,
na chini ya kioo linapita neno
ambalo ningeweza kuliruka, nisiliruke.
Gegedu, baba.
Kichwa hadi mkia, gegedu tupu.
Hana mfupa hata mmoja.

Baba kimya.

Mwezi wa tatu, pale Rufaa, daktari kijana
aliinua picha dirishani, akagusa kwa kalamu:
hapa, mzee, na hapa, gegedu limelika,
mfupa unasaga mfupa.
Saruji yenye maji, mabuti ya mpira,
mapaja ya ng'ombe begani tangu saa tisa usiku.
Kadi ya tarehe iko chini ya king'amuzi,
imefunikwa kitambaa cha kufuma.
Tunapangusa vumbi kuizunguka.

"Mwili mzima," anarudia polepole,
kiganja kikisugua kanga.
"Na mimi ninayotaka ni kama kisahani tu."

Umeme unakatika papo hapo,
papa akiwa wazi.

Umebaki wekundu wa mkaa na harufu ya soksi.
Namsikia akiinuka kutafuta kibiriti,
goti linasema kwa,
linasema kwa,
kisha amesimama gizani, mahali fulani karibu na kabati.

"Tulinagwe."
"Abee, baba."
"Wakishamaliza kumtazama, huwa wanamshona?"

Wamepita maelfu mikononi mwake,
hajapata kumshona hata mmoja.

"Huwa wanamshona," nasema. "Kwa uzi mzuri."
Sijui lolote.
"Vizuri," anasema. "Vizuri,"
na mkono wake unapapasa juu ya kabati,
bado haujakipata kibiriti.