Ndimi za Viatu

Miaka kumi na tisa nilishona ndimi.
Ulimi hauna mfupa, husema wasemao;
zangu hazikuwa hata na neno:
vipande vya ngozi, vidogo kama kiganja cha mtoto,
mia nne na themanini kwa zamu,
laini ya tatu, kiwandani Felgueiras,
dirisha refu lililopakwa rangi tusitazame nje.

Kiatu kizima sikukiona.
Kilipita kwangu bila soli, kikaenda zake
kama mgeni asiyeaga,
na iwapo kilivaliwa Oslo au Osaka,
iwapo kilicheza harusini au kilifuata jeneza,
nani angerudi kuniambia?

Sikulalamika. Kazi mbaya si mchezo mwema,
na mama yangu, Albertina, alikuwa na dawa za kununuliwa.

Siku mashine zilipofungwa kamba na kupakiwa kwenye lori
nilishangaa kuona silii.
Nililia baadaye, jikoni. Kitunguu, nilisema.

Ofisi ya ajira. Kijana mwenye kola safi
akanisogezea fomu. Swali la saba:
Ni kazi gani uipendayo kwa dhati ya moyo?
Mistari mitano mitupu.
Niliitazama kalamu, kalamu ikanitazama.
Kupenda? Mimi niliulizwa namba ya sindano,
niliulizwa kwa nini nimechelewa dakika sita.
Moyo haukuwahi kuwamo katika orodha ya vifaa.
Nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni mwa koti.

Braga, mtaa wa nyuma ya soko, fundi Anselmo
alikuwa akitafuta mikono, si vyeti.
Yeye hutengeneza viatu vya miguu isiyo pacha:
huu umevimba, huu umepinda, huu umebaki nusu.
Mshahara? Mdogo kuliko ule wa ndimi.
Niseme kweli, nusura niondoke.

Ndipo akaja Graciete, miaka tisa,
mguu wa kushoto mfupi kwa sentimita nne,
uso wa mtu aliyeburutwa.
Hospitali ilimpa viatu vyeusi, vizito kama pasi.
“Nataka vyekundu,” akasema. “Na visinyamaze.”
Anselmo alikuwa nje anavuta sigara.
Karatasi za kuchorea zilikuwa zimekwisha.
Nikatoa ile fomu, nikaigeuza upande mweupe,
nikapiga goti, nikamwambia: kanyaga.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na ya kiatu aijuaye kidole.
Mguu wa mtu una joto; sikuwa nikijua.
Miaka kumi na tisa ya viatu,
na huo ndio mguu wa kwanza niliougusa kazini.
Penseli ikamtekenya, akacheka,
mstari ukayumba karibu na kisigino.
Sikuufuta.

Siku kumi na moja.
Gome la mwaloni, lile la vizibo vya mvinyo,
nikalichonga tabaka kwa tabaka, nikalificha ndani ya wekundu.
Nilikosea mara mbili. Nilijidunga.
Usiku niliamka kuwaza mwinamo wa kisigino
kama wengine wanavyoamka kuwaza deni
(deni ninalo pia, nililiwaza baadaye).
Ulimi niliushona mwisho, polepole,
mmoja tu, nikijua utaulalia mguu wa nani.

Hakusema asante. Alishuka ngazi za duka,
akapanda, akashuka,
kiatu kikalia kwi, kwi, kwi.
Anselmo akakunja uso: “Kilete, nikinyamazishe.”
Msichana akaukumbatia mguu wake kwa mikono miwili.

Mgongo unaniuma hadi leo. Kodi imepanda.
Lakini Jumamosi, soko likijaa,
nami nimeinama, uzi mdomoni,
hulisikia lile kwi likipita dirishani
na mkono wangu husimama kidogo.

Fomu bado ipo, imepigiliwa msumari juu ya meza.
Swali la saba linatazama ukuta.
Upande wangu kuna mguu mdogo,
na mstari wake unayumba.