Daftari la Mita

Walinipa kaunta buku la mistari
na kalamu ya bluu iliyofungwa uzi.
"Mwanakheri," alisema Afisa Utumishi,
"wewe ndiye wa mwisho kutoka. Andika mita."
Hakuniuliza kama naweza.
Mhudumu hufagia, hupika chai, sasa na mita.

Jengo letu ni la enzi za Mjerumani, hapa Tanga mjini,
kuta nene kama kifua cha kuli wa bandarini,
dari juu mno, popo wanajiona wapangaji halali.
Lilijengwa lipumue:
dirisha litazamane na dirisha,
upepo uingie kwa baharini utokee kwa barabarani.
Kisha vikaja viyoyozi.
Wakapigilia mbao, wakapaka rangi juu ya bawaba,
jengo likabanwa pumzi.

Jumatatu jioni: uniti mia nne na kumi.
Jumanne asubuhi: mia tatu themanini na tisa.
Nikafuta miwani kwa upindo wa kanga, nikasoma tena.
Kompyuta nilizizima. Birika nililichomoa.
Mlinzi Chambo ana redio ya betri na tochi yake mwenyewe.
Ishirini na moja, zimeliwa na nani?

Kitendawili, nikamwambia Chambo. Tega.
Hana mdomo, anakula usiku, mwenye nyumba hayupo.
Akashindwa. Akanipa Pangani, nikaikataa.
Akanipa Korogwe, nikaipokea.
Lakini jibu, hata mimi sikuwa nalo.

Kila mwezi, ikifika tarehe ishirini na mbili,
umeme wetu huwa umekwisha.
Dirisha la vizazi na vifo hushushwa pazia.
Tanga, husema watu, waja leo waondoka leo.
Kwetu waja leo, waambiwa rudi kesho.
Bi Mwanamvua wa Pongwe amekuja mara tano
kufuata cheti cha mjukuu.
Mtoto ameshajua kutembea,
karatasi yake bado haijazaliwa.

Alhamisi nikabaki usiku.
Nikavua viatu, nikapita korido,
sikio nimelibandika ukutani
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
Chumba namba kumi na nne kikanijibu: mmmm.
Mlango wake ulikuwa unatoka jasho.

Kumi na nne ni ya Bwana Semboja, mkuu wa mipango,
aliyehamishiwa Dodoma mwezi wa tatu
akaondoka na ufunguo mfukoni.
Sasa ni mwezi wa kumi.

Kitasa tulikivunja kwa barua tatu na mihuri miwili.
Ndani, baridi ya Lushoto.
Koti jeusi limekivaa kiti.
Glasi ya maji, utando juu yake.
Kalenda imegoma palepale, Machi.
Na kule juu, digrii kumi na sita,
kiyoyozi kinalihudumia koti
kwa adabu, miezi saba,
hakijaomba likizo hata siku moja.

Afisa Utumishi akacheka.
Kisha akanyamaza.
Kisha akauliza kama koti ni mali ya serikali.

Mimi nikaomba bisibisi.
Rangi ikabanduka vipande vipande, bawaba zikalia,
upepo ukaingia bila kupiga hodi,
ukarusha mpango kazi wa miaka mitano hadi kwenye ngazi.
Tukakimbizana nao, mimi na wasomi,
tukaukandamiza kwa mawe.

Sisemi tumepona. Chumba namba tisa
bado wanawasha taa jua likiwa utosini,
na nikizima, wananiita mchoyo wa mali isiyo yangu.
Nanyamaza. Naandika.

Tarehe ishirini na sita Bi Mwanamvua akaja,
miguu imeshika vumbi, hana matumaini, ana kawaida tu.
Mashine ikaguna, ikatema.
Akaishika karatasi kwa viganja viwili.
"Ya moto," akasema,
akaipeleka shavuni,
"kama mkate."

Koti liko stoo.
Dodoma hawajaliulizia.