Mwenye Kiti

Tulikutana ukumbini, Kutaisi, mwezi wa Machi,
madirisha yakitoka jasho,
mto Rioni ukinguruma nje kwa theluji iliyoyeyuka.
Mezani mchoro wangu: uwanja wa kuchezea watoto,
miezi minne ya rula na ufutio.
Mwenyekiti wa kikao akakohoa. Msanifu, tuambie.

Nikawaambia.
Njia ya mteremko, kwa kila hatua kumi na mbili inapanda moja.
Sakafu ya raba, laini kama ufizi wa mtoto.
Bembea yenye mgongo na mkanda.
Alama za nundu kwa vidole vya asiyeona.
Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo,
kama mtu asiyetaka sifa, na huku anazihesabu.

Kisha akasogea mwenye kiti mwingine,
wa miaka tisa, kiti chake kina magurudumu mawili makubwa
na stika ya chura.
Nutsa, binti wa Lamara muuza mikate ya maharagwe.
Akaweka kidole mwanzo wa mteremko wangu,
akakipandisha taratibu, kona baada ya kona,
hadi juu.

"Nikifika hapa nafanya nini?"
"Unaona uwanja wote."
"Halafu?"
"Halafu... unashuka."
Akanitazama kama mtu aliyeletewa soksi siku yake ya kuzaliwa.
"Kwa hiyo mimi natalii," akasema. "Wenzangu wanacheza."

Bomba la joto likagonga ukutani.
Kitanda usichokilalia: methali naijua,
nimeisema harusini, nimeisema kazini,
sikuwahi kuisikia.

Akaomba penseli. Hakuchora vizuri.
Meza ya matope, juu ya magoti, pembeni yake koki
atakayoifungua mwenyewe na kusahau kuifunga.
Mbao zisizo na kazi. Matairi. Kamba. Sufuria zilizotoboka.
"Ya nini haya yote?" akauliza mtu wa bima.
"Bado sijui."
Na jibu hilo, katika miezi minne,
sikuliachia nafasi hata ya sentimita moja.

Mwisho akachora duara, akalitia giza lote.
"Hapa pa kujificha. Mlango upitishe kiti.
Msiweke dirisha.
Mama ananiona, mwalimu ananiona, daktari, majirani,
kila siku naonekana.
Kwenye kombolela mimi hupatikana wa kwanza."

Lamara akageukia dirisha, akalifuta jasho kwa kiganja,
ingawa nje hapakuwa na la kutazama.

Septemba, meya akakata utepe.
Nilimtafuta Nutsa kwenye mteremko: hayupo.
Kwenye bembea: hayupo.
Gocha, asiyeona, alikuwa akigonga sufuria moja moja,
akisikiliza, akikataa, akichagua.
Koki ilikuwa wazi.
Chini ya mzabibu mkongwe tulioupindisha ukawa kibanda
mistari miwili ya matope iliingia,
haikutoka.
Mkono mchafu ukachomoza kwenye majani, ukavuta ubao, ukapotea.

Lamara akanishika kiwiko: "Umemwona mwanangu?"
"Sijamwona," nikasema,
kwa sauti kubwa, isikike hadi ndani.