Bikoni

Mbuzi wa jirani kafungwa kwenye bikoni yangu.
Kamba imekula rangi, namba haisomeki tena,
na mimi niliyekinunua kiwanja hiki
kwa miaka tisa ya kubana matumizi
nimesimama kando kama mgeni
asiyejua amsalimie nani, mbuzi au hasara.

Mwaka ule wa gesi Mtwara haikulala.
Nyumba za wageni zilijaa hadi varandani,
chai ya Shangani ikapanda bei kwa kusikia habari tu,
na dalali Nachunga, mwenye simu tatu na viatu vya ncha,
akaniambia, "Kaka Chitanda, ardhi haiozi.
Leo unaiona kwa macho, kesho utaiona kwa darubini."
Nikatoa milioni kumi na nane. Viwanja viwili.
Nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Wiki iliyopita Nachunga alikuwa amebaki na simu moja.
"Mbili na nusu kwa kimoja," alisema,
"na hapo nambembeleza mtu."

Miezi ishirini na sita, kisha ofisi ya maji itaniaga
kwa keki, saa ya ukutani
na hotuba ya kijana asiyelijua jina langu vizuri.
Usiku nalala chali nikihesabu:
kumi na nane kutoa tano,
kumi na nane kutoa tano,
kana kwamba nikirudia vya kutosha
jibu litanihurumia.

Somoe hakuwasha taa. Alisema gizani:
"Miaka thelathini na moja nimezalisha wanawake pale Ligula.
Akizaliwa aliyekwisha kufa
hatumtikisi hadi asubuhi.
Tunamwosha, tunamfunika, tunampa jina kama wenyewe wanataka,
kisha tunageuka upesi kwa mama,
maana mama bado anavuja damu.
Chitanda, geuka. Mama ni sisi."

Sikumjibu. Nililia kidogo, upande wa ukuta.

Asubuhi, daftari la mistari na kalamu ya kuazima kwa mjukuu.
Unga. Umeme. Dawa zangu za presha, zake za magoti.
Michango ya misiba: hapo akaandika, akakata,
akaandika kubwa zaidi.
Pensheni itatufikisha tarehe ishirini na mbili.
Siku nane zilizobaki zikatukodolea macho.
"Hizi ndizo za kutafutiwa," alisema,
"si milioni kumi na tatu zako."

Cha barabarani tutauza, kwa bei hiyohiyo, hata kama inauma.
Milioni moja kwenye hati fungani,
inayobaki benki, ya maradhi,
isiguswe hata kwa harusi ya nani.
Cha nyuma tupande mikorosho ya kubebesha.
Kwa nafasi inayotakiwa inaingia tisa tu, nimepima kwa hatua.
Haitatutajirisha. Mwaka wa tatu itaanza kutoa maua,
nami nitakuwa nyumbani kuyaona.

"Korosho nazo huanguka mnadani," nilimkumbusha.
"Huanguka," alisema. "Lakini bikoni hukaangi."

Sasa simu inalia. Nachunga, pumzi juu:
"Kaka, usiuze! Kuna fununu Lindi,
mitambo inakuja, safari hii kweli!"
Na moyo wangu, mjinga yule,
ukaruka kama ulivyoruka mwaka ule,
ukanunua, ukauza, ukajenga ghorofa,
yote kabla sijashusha pumzi.

"Nachunga," nilisema, "yule mtu wa mbili na nusu,
mwambie aje Jumatatu."

Kisha nikaifungua kamba.
Nikamsogeza mbuzi hatua kumi na mbili,
pale litakapochimbwa shimo la kwanza.
Ale.
Aache chochote.